Dripu Iko Mkononi, Tumbo Limeingiaje?

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha kushona viatu, mgongo wake umeegemea ukuta. Alilitengeneza Seremala mwenyewe kwa mabaki ya mlango wa ghala, na sheria yake ni moja: anayekaa anakunywa, asiyekunywa asimame. Tangu benchi lizaliwe, jiko la Bi Kahawa lilikuwa upande wa kulia, kivulini. Siku hizi liko kushoto, kwenye jua kali, kwa sababu upande huo upepo huichukua harufu na kuitupa barabarani kabla haijafika puani mwa mtu. Hakuna aliyesema lihamishwe. Asubuhi moja Bi Kahawa alilibeba, sisi tukabeba ndoo na vikombe, tukaanza kuzungumza habari za bei ya saruji kana kwamba majiko huhama yenyewe. Sababu tuliijua. Seremala ana saratani ya tezi, ilianzia shingoni, anawekewa dripu hospitali, na tangu awekewe ya pili harufu ya kahawa inamtapisha. Lakini benchi ni lake kuliko letu, na hakuna aliyekuwa tayari kumwona amesimama kando kama mtu anayengoja basi.

Alasiri ninayoisimulia, kwenye benchi alikuwepo Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye huzungumza kama bado yuko mteremkoni na mzigo nyuma. Pembeni yake Waya, fundi umeme, bisibisi sikioni. Mwisho Bando, mlinzi wa usiku wa benki, mtu ambaye simu yake haiishiwi intaneti na ambaye husoma kila kitu ili asisinzie. Mimi wananiita Soli. Nilikuwa mlangoni mwa kibanda, kiatu cha mtu magotini, sindano mkononi, masikio benchini. Watu hudhani kijiwe ni mahali pa wavivu, lakini mimi nimeshona nusu ya miguu ya mtaa huu nikiwa papo hapo.

Bi Kahawa alimimina raundi ya kwanza, akasema bila kutuangalia.

BI KAHAWA: Kesho haendi.

BREKI: Nani haendi wapi?

BI KAHAWA: Seremala. Amepita asubuhi, kaniambia hospitali amemaliza. Nikamwambia dripu ni sita na wewe umewekewa mbili, hiyo hesabu gani? Akasema hesabu ya anayetapika si sawa na ya anayehesabu.

Kahawa yangu ikapoteza ladha papo hapo. Daktari alimwambia Seremala waziwazi kwamba saratani yake ni ya kupona, ila inataka dripu zote, kila moja kwa wakati wake. Akikatisha njiani, ugonjwa unarudi, na safari hiyo utakuwa mjanja zaidi. Haya si siri. Alitusimulia mwenyewe, amekaa hapa hapa, akicheka kwa furaha kama mtu aliyefutiwa kesi.

BREKI: Basi jiko lirudi kivulini. Kama hakuna dripu, hakuna harufu ya kumsumbua. Bi Kahawa unaungua jua bure.

BI KAHAWA: Halirudi.

BREKI: Nakuonea huruma wewe.

BI KAHAWA: Nionee kesho. Leo halirudi.

Breki akapiga funda, akakitua kikombe benchini. Halafu akaachia.

BREKI: Mimi kuna kitu kimoja kinanishinda. Sindano inaingia hapa, mkononi. Mtu hakula kibaya, hakunywa kibaya. Dripu iko mkononi, tumbo limeingiaje kwenye kesi isiyolihusu?

WAYA: Kichwa hicho. Kichwa ndiyo meni swichi. Waya zote zinaanzia juu zinashuka chini. Dawa ikifika kichwani, kichwa kinachanganyikiwa, kinatuma shoti tumboni.

BREKI: Kichwa cha Seremala hakijawahi kuchanganyikiwa. Kilitengeneza ngazi ya kuzunguka bila hata kuchora.

WAYA: Shoti haichagui nyumba.

BI KAHAWA: Mimi nasema roho. Roho ikikinai, mwili unatema.

BREKI: Hapana, ni wivu. Nisikilizeni vizuri. Miaka yote, kila kinachoingia mwilini lazima kimpitie tumbo. Leo kuna kitu kinapitishwa dirishani, yeye hajaarifiwa. Atakaa kimya? Ndiyo maana wazee wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

WAYA: Hiyo methali inaingiaje hapo?

BREKI: Kwani dripu si mgeni?

WAYA: Na mwenyeji amepona?

BREKI: Methali haijafika mwisho. Ipe muda.

BI KAHAWA: Na vile vidonge alivyopewa vya kuzuia kutapika?

BREKI: Chaki. Anavimeza, vinatoka vilevile vilivyoingia. Na si kwamba anakosea kuvimeza, nilimwelekeza mwenyewe.

Kweli alimwelekeza, wala hakuwa peke yake. Dripu ya kwanza Seremala alikwenda na dada yake mkubwa, na ilimgusa kidogo tu. Dada akarudi kwake. Siku chache kabla ya dripu ya pili, Seremala alikuja hapa na pakiti ya vidonge mfukoni, akatuuliza kama mtu anavyouliza ndugu zake: jamani, hivi nameza vya nini na wakati siumwi? Breki akasema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Kutapika kukianza ndipo umeze. Waya akasema huwashi jenereta wakati umeme upo. Bando akasema amesoma vinafunga choo, kwa hiyo visiliwe ovyo. Bi Kahawa akasema haraka haraka haina baraka. Mimi niliendelea kushona, na kwenye benchi hili anayeendelea na kazi yake amekubali. Dripu ya pili ikamwangusha kitandani, na tukakubaliana kwamba dripu ya pili ndivyo ilivyo.

Tukiwa bado kwenye wivu wa tumbo, Seremala akatokea kona ya duka la rangi. Amevaa kofia ya sufu juani, suruali imebaki na mkanda tu wa kuishikilia, lakini penseli iko nyuma ya sikio palepale. Alikaa upande wa kulia, kivulini, pale lilipokuwa jiko. Bi Kahawa akamletea kikombe chake kimefunikwa kisahani. Ndivyo tunavyofanya siku hizi: sheria imetimizwa na harufu imefungiwa.

SEREMALA: Mnanizungumzia.

BREKI: Tunazungumzia tumbo.

SEREMALA: Langu au lako? Lako lina mengi zaidi.

Tukacheka, naye akacheka, halafu akashika ubavu akasubiri kidogo.

WAYA: Tumesikia kesho huendi.

SEREMALA: Siendi.

WAYA: Kaka, zimebaki nne.

SEREMALA: Najua zilizobaki. Nimetengeneza ngazi, najua kuhesabu vipandio. Lakini sikilizeni, nitasema mara moja. Mimi siogopi kufa kama ninavyoogopa ile ndoo. Mchana ndoo, usiku ndoo. Juzi mteja kaja kuangalia kabati lake, nimeshalipiga vanishi, linang'aa. Nikatapika juu yake. Mteja mwenyewe kanifutia mdomo kwa leso yake. Mtu mzima mimi. Sasa hivi hata nikiona geti la hospitali, sindano bado haijanigusa, tumbo linapanda. Nimechoka.

Nilimtazama yule mtu aliyenifundisha kuchagua mbao za kaunta yangu, nikaona anatuomba ruhusa ya kuacha. Breki mwenyewe alikuwa anakuna goti.

SEREMALA: Ila kabla sijaacha nataka kujua kimoja. Bando, wewe unayekesha na simu. Dripu iko mkononi. Tumbo limeingiaje?

BREKI: Umeona? Nimeuliza hilohilo.

BANDO: Nimeshalisoma. Tangu dripu ya pili ikuangushe nasoma hilo tu.

Akavaa miwani. Bando akivaa miwani, benchi hujipanga, maana huwa hasomi maneno machache.

BANDO: Kuna kitu kinaitwa serotonini. Ni kemikali ya mwilini, ya kupelekea habari. Watu wengi wanajua ni ya kichwani, ya furaha na usingizi. Lakini sehemu kubwa sana, kama tisa katika kumi, iko tumboni, kwenye kuta za utumbo.

BREKI: Furaha iko tumboni. Hilo ningekuambia bila simu.

BANDO: Tulia. Dripu inaingia mkononi, sawa. Lakini damu haikai mkononi, inazunguka. Inafika kwenye utumbo na ile dawa kali. Seli za kwenye ukuta wa utumbo zikiguswa na dawa, zinaumia, zinamwaga serotonini kwa wingi.

SEREMALA: Kwa hiyo tumbo liliguswa.

BANDO: Liliguswa kwa mlango wa nyuma. Sasa hapo ukutani kuna ncha za mshipa wa fahamu mrefu ajabu. Unaitwa vagasi. Unatoka chini ya ubongo, unapita shingoni, unapita kwenye moyo, kwenye mapafu, mpaka tumboni na kwenye utumbo.

WAYA: Meni kebo. Nilisema mimi. Inatoka kichwani inashuka.

BANDO: Inatoka kichwani, ila habari zake nyingi zinapanda. Wameandika nyuzi zake zaidi ya nusu, kama nne katika tano, kazi yake ni kupeleka habari juu. Tumbo ndilo linasema, kichwa kinasikiliza.

Waya aliitoa bisibisi sikioni akaiweka chini, kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

WAYA: Kebo inayopeleka moto kwenye meni swichi? Nyumba gani hiyo?

BANDO: Yako. Hata wewe unayo.

BREKI: Subiri, subiri. Kwa hiyo bosi ni tumbo?

BANDO: Sikusema hivyo.

BREKI: Umesema tumbo linasema, kichwa kinasikiliza. Sasa bosi nani? Kichwa ni karani, kinagonga mhuri tu. Hili linaeleza mambo mengi. Mimi nilioa nikiwa na njaa.

BI KAHAWA: Na mkeo je?

BREKI: Yeye alikuwa ameshiba, ndiyo maana ananishinda hoja mpaka leo.

WAYA: Kama ni hivyo, mshipa huu unaweza kukamata mawimbi. Mtu mmoja akipiga miayo, wote tunapiga. Mmoja akitapika, aliye karibu tumbo linapanda. Ni waya zimekaribiana, moto unaruka.

BREKI: Ndiyo maana Bi Kahawa hali siku hizi.

BI KAHAWA: Nani kakwambia sili?

BREKI: Chakula chako unakipeleka kwa paka wa duka la rangi, tunakuona. Mshipa wako umeshikana na wa Seremala.

Bi Kahawa akageukia jiko lake kwenye jua, akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Seremala alimtazama mgongo kwa muda, akakisogeza kikombe chake kilichofunikwa.

BREKI: Basi dawa ni rahisi. Huo mshipa ukatwe. Habari isipopanda, ndoo ya nini?

BANDO: Zamani walikuwa wanaukata kweli, kwa watu wenye vidonda vya tumbo. Lakini tumbo likikatiwa mshipa linazubaa. Chakula kinakaa, hakishuki.

BREKI: Kama mfanyakazi aliyenyang'anywa simu.

SEREMALA: Bando, endelea. Serotonini imemwagika. Halafu?

BANDO: Serotonini yenyewe ya tumboni haipandi kichwani. Inayopanda ni habari. Kwenye zile ncha za mshipa kuna vipokezi. Vidogo mno, havionekani. Serotonini inakaa kwenye kipokezi, mshipa unashtuka, unapeleka habari juu: huku kuna sumu. Kichwa kinaamini. Kinatoa amri: tapika.

BREKI: Ila sumu yenyewe haikupita mdomoni.

BANDO: Kichwa hakijui. Tangu zamani kimezoea sumu kuja na chakula. Kinatapika ili kukusaidia.

Seremala akatoa penseli nyuma ya sikio, akawa anaizungusha vidoleni. Niliona jambo hilo limemgusa, kwamba mwili wake haukuwa unamkomoa. Kwa wiki kadhaa alikuwa akizungumza na tumbo lake kama adui.

SEREMALA: Kumbe linanitetea.

BREKI: Kikulacho ki nguoni mwako.

WAYA: Safari hii kidogo imekaribia. Lakini hivyo vipokezi sivielewi. Kitu kinakaa kwenye kitu, mshtuko unapita. Hiyo ni soketi. Serotonini ni plagi.

BANDO: Ehe, soketi. Na kuna aina nyingi, kila moja na kazi yake. Ya tatu ndiyo ya kutapika.

WAYA: Basi hapo nimekuelewa, mngesema mapema. Na vile vidonge?

BANDO: Vidonge vinakwenda kukaa kwenye soketi hizohizo. Havipitishi moto. Vinaziba tu. Serotonini ikija inakuta pamejaa.

WAYA: Kifuniko. Bwana, hicho ni kifuniko cha soketi. Nyumba yenye mtoto mchanga ninavifunga kila siku, vile vya plastiki. Unapachika kwenye matundu, mtoto akija na kidole anakuta pamezibwa. Kazi ndogo, ila lazima uvifunge kabla mtoto hajaanza kutambaa. Sasa wewe usubiri mtoto anaswe na umeme ndipo utafute kifuni...

Akaishia hapo.

Kiatu kilinitulia mkononi. Bando alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati, na shati lenyewe lilikuwa na vumbi. Bi Kahawa aliacha kuchochea. Mtaa mzima uliendelea na shughuli zake, mtu wa duka la rangi akivuta mlango wake wa chuma, lakini sisi wa benchi tulikuwa tumefika mahali pamoja kwa wakati mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushuka.

SEREMALA: Endelea, Waya.

WAYA: Nimemaliza.

SEREMALA: Ulikuwa unasema usubiri mtoto anaswe.

WAYA: Ni mfano tu, kaka.

BREKI: Waya na mifano yake. Jenereta, soketi, kesho atatuletea feni. Bi Kahawa, ongeza kahawa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sijui kama alikisikia alichosema. Nadhani alikisikia, maana alimeza mate. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu methali yake kuangukia pahali pake, na ilituumiza wote.

Wakati huo mwanamke mmoja akavuka barabara na begi begani, kiatu kimoja kikiburuta kisigino. Nilikitambua kiatu kabla sijamtambua mwenyewe, nilikuwa nimekishona mimi. Ni dada mkubwa wa Seremala, yule aliyempeleka dripu ya kwanza. Ni mpishi wa shule ya bweni, mbali, na haruhusiwi kutoka kila akitaka. Alitusalimu mmoja mmoja, tukamwitikia kama wanafunzi wake. Akakaa karibu na mdogo wake, akamshika shingo pale zilipokuwa tezi, akapapasa taratibu kwa vidole viwili.

DADA: Zimepungua.

SEREMALA: Zimepungua.

DADA: Halafu unaniambia kwenye simu huendi tena. Nimeacha masufuria jikoni, mwanangu. Nimepanda basi.

Anamwita mwanangu ingawa ni mdogo wake. Ndiye aliyemlea.

SEREMALA: Dada, ile ya pili hukuiona.

DADA: Sikuiona, nieleze. Ya kwanza ulitapika mara moja, ukalala. Ya pili imekuwaje? Wamebadilisha dawa?

SEREMALA: Ni ileile.

DADA: Vidonge vilikwisha?

SEREMALA: Vipo.

DADA: Ulimeza saa ngapi?

Seremala alikuwa anaitazama penseli.

SEREMALA: Nilipoanza kutapika.

DADA: Ulipoanza? Muuguzi si alisema mbele yangu? Kidonge kimezwe nyumbani, kabla hatujatoka, na siku zinazofuata asubuhi na jioni, uwe unaumwa au huumwi. Ya kwanza si nilikupa mwenyewe na chai mkononi?

SEREMALA: Ulinipa.

DADA: Sasa nani alikwambia usubiri mpaka utapike?

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetafuta kijiko, anataka tu kujua kimewekwa wapi. Nasi tulikuwa pale wote tuliokiweka. Bando aliangalia simu, ilikuwa imezimika. Waya alikuwa anafuta bisibisi. Breki, mtu niliyemsikia akiwashinda maaskari wa barabarani kwa maneno, alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kitupu kana kwamba jibu limebaki chini na machicha. Bi Kahawa aliinamisha birika kwenye kikombe cha mgeni, yakatoka matone machache, halafu basi. Kahawa ilikuwa imekwisha. Niliona aibu, na sina neno zuri zaidi la kuiita.

SEREMALA: Hakuna aliyeniambia, dada. Nilijichanganya mwenyewe. Unanijua tangu utotoni, sisikii la mtu.

DADA: Tangu utotoni wewe unasikia la kila mtu.

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kuanzia Breki mpaka kwangu mlangoni. Mpishi wa watoto mia kadhaa hahitaji kuambiwa nani kaonja sukari.

Breki akakohoa.

BREKI: Kesho hiyo dripu inawekwa saa ngapi?

DADA: Saa tatu asubuhi, kama anakwenda.

BREKI: Saa kumi na mbili nitakuwa mlangoni kwenu na chupa ya maji.

SEREMALA: Maji ninayo nyumbani, Breki.

BREKI: Najua unayo. Nitakuja nayo. Nikuone unakimeza kidonge kwa macho yangu.

Sauti yake haikuwa ya mteremkoni. Ilikuwa ya mtu aliyeshuka garini na kutembea kwa miguu.

BANDO: Nisiwadanganye lakini. Wameandika wengine kidonge hakiwamalizii kutapika, kuna njia nyingine habari inapanda. Na ile ya kutapika ukiona geti, hiyo kichwa kimeshajifunza, inataka dawa nyingine. Muwaambie hospitali yote. Ndoo, geti, kila kitu. Msituulize sisi.

Ndiyo mara ya kwanza kwa benchi hili kumtuma mtu akaulize kwingine.

SEREMALA: Hata nikipunguziwa nusu ya ndoo, nusu nitaipokea.

Hakusema anakwenda, wala dada yake hakumlazimisha. Alichukua tu begi lake, akamshika mkono, wakasimama pamoja. Seremala alisimama polepole, akapitisha kiganja kwenye ubao wa benchi, akakuta msumari mmoja umeanza kuinua kichwa. Akautazama, akaniomba nyundo yangu ya viatu, akaugonga mara moja ukazama. Akanirudishia nyundo. Walipofika kwenye kona ya duka la rangi akageuka.

SEREMALA: Bi Kahawa.

BI KAHAWA: Naam.

SEREMALA: Jiko usilirudishe kivulini bado. Zimebaki nne.

Wakakata kona. Bi Kahawa akaliinua birika tupu, akaenda kukaa kwenye jua lake.